Jezi Kumi na Moja Kwenye Kamba

Hotuba iliyotolewa kwenye uwanja wa mtaa, Nakuru, siku ya mechi ya Desemba kati ya wazee wa timu na vijana

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mliosafiri usiku kucha kutoka Busia, Mombasa na Nairobi, vijana mliokwisha kuvaa daluga, na nyinyi watoto mlioketi kwenye nyasi pale mbele: hamjambo? Naomba anayeshika spika aipunguze kidogo. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Sauti yangu imezoea kufika nyuma bila umeme.

Sikuwahi kuichezea timu hii. Nimeitwa kwa sababu mimi ni binti wa yule mama aliyefua jezi zake tangu 1981 hadi mwanzoni mwa 2008. Mama yupo. Ameketi chini ya hema, kiti cha pili kutoka mwisho, na leso ya kijani magotini. Msimpigie makofi sasa hivi. Jana jioni aliniambia, "Wakinipigia makofi nitalazimika kusimama, na magoti haya, mwanangu, yamesimama vya kutosha." Basi tuyaweke makofi. Wakati wake utafika.

Nataka kuanza na kamba ya nguo.

Mliokulia kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mnaikumbuka nyumba yetu: chumba kimoja, jiko la nje, mfereji mmoja kwa familia 8, na kamba iliyovutwa kutoka ukutani hadi kwenye kipande cha reli kilichosimikwa ardhini. Jumapili jioni kapteni alileta gunia. Mama alilimwaga uani na kuhesabu jezi moja moja. Zilikuwa 11 tu. Mchezaji wa akiba alipoingia alivaa ile ya aliyetoka, ikiwa bado na jasho lake. Na Jumatatu asubuhi, watu wa shifti ya kwanza wakienda kazini waliisoma kamba ile kama gazeti. Wakiona doa la kijani limegoma kutoka kwenye magoti ya kaptula, walijua tulicheza ugenini, mahali penye nyasi. Wakiona mkono uliochanika walisimama na kuuliza, "Mama, nani huyo amemvuta namba 9?" Wapo waliochelewa kazini kwa sababu ya kamba yetu.

Vumbi ndilo lililompa Mama kazi kubwa. Inasemwa kwamba jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na hapa mjini tuna mtaa mzima unaoitwa Kivumbini, hivyo sisi tumebatizwa kwa vumbi mara mbili. Vumbi hili asili yake ni majivu ya volkano. Menengai ilipolipuka zamani hizo ilitumwagia udongo mwepesi, wa kijivu, unaopaa hata ng'ombe akipita. Mama alikuwa na elimu yake juu ya udongo huo. Usipake sabuni kwanza, alisema, ukipaka sabuni kwanza umetengeneza matope ndani ya kitambaa. Suuza kwa maji matatu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yatoke meupe, ndipo ulete sabuni ya kipande. Na sabuni yenyewe ilikuwa ya Menengai, iliyochemshwa na kukatwa hapa hapa Nakuru, na jirani zetu wawili walifanya kazi huko. Kwa hiyo volkano ilichafua jezi, na jina la volkano ile ile likazisafisha.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kukagua mabehewa. Treni ilipoingia stesheni, usiku au mchana, alishuka na nyundo yake ya mpini mrefu, akapita kando ya mabehewa akigonga gurudumu moja moja na kuutegea sikio mlio wake. Gurudumu zima, alituambia, hulia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa hulia kama sufuria. Ufa wenyewe huuoni kwa macho, na treni haijui. Ukiukosea hapa Nakuru, unaua watu Mau Summit. Alifanya kazi hiyo miaka 31, na mimi hadi leo siwezi kusikia chuma kikigongwa bila kusimama kidogo kusikiliza kimeitikaje.

Siku ya mechi Baba ndiye aliyepewa mpira kuukagua. Hakuwa na kipimo cha upepo. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akainamisha kichwa. "Ongeza." Au, "Tosha." Refa hakuwahi kumbishia.

Nasema habari za Mama na Baba kwa sababu tukikutana siku kama ya leo tunapenda kuhesabu magoli, na kweli magoli yalikuwepo. Lakini timu hii, na mji huu, vilisimama juu ya mikono ya watu ambao hakuna aliyewaandika popote. Ndilo lililonileta hapa mbele.

Fikirieni mji wenyewe. Reli ilifika hapa mwaka 1900, ikiwa njiani kwenda Ziwa Viktoria, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu. Mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji mdogo. Kabla ya chochote kingine palikuwa na stesheni, na watu wa kufanya kazi stesheni, na watu wa kuwapikia watu wa stesheni. Viwanda vikafuata: blanketi, sabuni, mafuta ya kupikia, pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, na mwaka 1967 kiwanda cha betri. Wengi wa wazazi wetu hawakuzaliwa hapa. Walikuja na sanduku la mbao kutoka Maragoli, Murang'a, Siaya, Ukambani, Baringo, na wengine walikuwa mtaa wa Bondeni tayari, Wanubi na Waislamu wa zamani ambao misikiti yao iliamsha mji kabla ya ving'ora. Lugha ya kuwakutanisha wote ilikuwa Kiswahili hiki hiki ninachosema. Sisi watoto wa landi hatukujifunza Kiswahili shuleni. Tulikikuta kwenye mfereji, foleni ya maji.

Na ving'ora! Nani aliyekuwa na saa? Mji ulikwenda kwa ving'ora. Kimoja cha asubuhi, kimoja cha mchana, kimoja cha jioni, na sauti za viwanda tulizitofautisha kama sauti za shangazi zetu. Mama alikuwa akisema, "Chemsha chai, kile cha blanketi kimelia."

Sasa chukueni timu yetu ya wakati ule, niwapange kama alivyokuwa akiwapanga kocha, mkaangalie kazi zao. Kipa alikuwa kwenye mashine za kufuma blanketi, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama gome. Beki wa kulia, fundi viatu pale sokoni. Beki wa kushoto, askari wa zamu ya usiku langoni kwa watu, aliyekuja uwanjani moja kwa moja bila kulala. Kiungo alikuwa reli, chini ya Baba. Winga, mtu wa pareto, aliyenukia maua yale makavu hata baada ya kuoga. Watoto tulimjua kwa harufu kabla hajatokea kwenye kona.

Namba 5 alikuwa kibarua. Alibeba magunia ya mahindi na ngano kwa malipo ya siku, na nataka kukaa kwake kidogo. Mwenye kazi ya kudumu angeweza kubadilishana shifti na mwenzake: nishikie Jumamosi, nitakushikia Jumanne. Kibarua hana wa kubadilishana naye. Siku asiyobeba, hali. Kwa hiyo kila tulipokuwa na mechi ya katikati ya wiki, namba 5 alikuwa anachagua kati ya timu na unga wa nyumbani. Siku moja wabebaji wenzake walikaa wakakubaliana, bila kuambiwa na mtu yeyote, kwamba kila mmoja atabeba magunia machache zaidi na hesabu yake itaandikwa kwa jina la namba 5. Watu wenye migongo inayouma wakaongeza mizigo juu ya mizigo yao ili mtu mmoja acheze dakika 90. Na wao wenyewe hawakuiona mechi ile. Walikuwa kazini, wakibeba.

Wazee wangu, kombe la siku ile lilikwenda kwa wageni. Tulifungwa. Mimi nalihesabu lile gunia la ziada kuwa ushindi mkubwa kuliko wote niliowahi kuona kwenye uwanja huu.

Msidhani nadharau vikombe. Nakuru ina haki ya kujigamba, na watoto mlioketi pale mbele mjue vizuri. Ligi ya kwanza ya taifa ya kandanda katika nchi hii, mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru, ilitwaliwa na Nakuru All Stars. Ilikuwa timu ya hapa, kabla Nairobi na Mombasa hazijaweka mkono. Ingwe, yaani AFC Leopards, ilikuwa haijazaliwa, ilianzishwa 1964. Gor Mahia ilikuwa haijazaliwa, ni ya 1968. Kulikuwa na mzee mmoja landi kwetu aliyewaona vijana wale wa 1963 kwa macho yake, na alipoanza kusimulia hata Baba alizima redio. Jina hilo lilirudi Ligi Kuu mwaka 2015, na ingawa halikukaa, nilimwona mzee mwingine, jirani yangu, analitamka machozi yakimlenga.

Ulinzi Stars nao, wanajeshi walioufanya uwanja wetu mkubwa wa Afraha nyumba yao kwa miaka mingi, walichukua ubingwa wa nchi 2003, 2004, 2005, mfululizo, kisha tena 2010. Na katika ndondi tuna Philip Waruinge. Shaba ya Olimpiki Mexico 1968, na kule kule akapewa kombe la Val Barker, analopewa bondia mwenye ufundi kupita wote kwenye mashindano. Halafu fedha Munich 1972. Ule ukumbi wetu wa ndondi watu wa Nakuru waliubatiza Madison Square Garden, jina la ukumbi maarufu wa ndondi wa New York, na waliubatiza kwa dhati kabisa. Waliona mikono iliyokuwa ikitoka mle ndani.

Afraha yenyewe siwezi kuimaliza. Sisi watoto tusio na pesa ya kiingilio tulisimama langoni tukimngoja mtu mzima mwenye uso wa huruma. "Baba, nivushe." Naye anakushika mkono kama wake wa kuzaa, anamwambia mlinzi huyu ni mwanangu, na mlinzi anajua, na mlinzi ananyamaza. Nimekuwa mtoto wa baba wengi sana mbele ya lango lile. Ndani kulikuwa na njugu kwenye koni za gazeti, miwa, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kutiwa kachumbari. Mechi ya Gor na Ingwe ikija, ploti nzima iligawanyika, mke huku na mume kule, na jioni wakala sahani moja. Timu za Pwani zilipokuja tulikuwa tunangoja kipindi cha pili. Mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyeamkia ufukweni, dakika ya 70 anaitafuta hewa kwa mikono.

Kuna alama nyingine ya mji huu ambayo kwa miaka mingi iliniumiza. Ni haya meno. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa meno yake yakiwa bado yanaota huyapata na madoa ya kahawia, daima. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mbali na hapa, nilijifunza kucheka mkono ukiwa mdomoni. Miaka miwili niliishi hivyo. Halafu likizo moja nikafuatana na timu, nyuma ya lori, kwenda kucheza Kericho. Mvua ilinyesha. Nikaingia kwa mama mmoja muuza chai, nikaagiza, akanitazama akasema, "Wewe ni wa Nakuru." Nikamuuliza amejuaje. "Umesahau kufunika mdomo," akasema. "Mume wangu ni wa Bondeni. Meno hayo ninayapikia kila siku." Akakataa pesa yangu. Akaongeza mandazi. Tangu siku ile sijaufunika mdomo huu. Naomba watoto wa leo wapewe maji yaliyochujwa, hilo ni haki yao na tulipiganie. Lakini wewe uliyekwisha kuwa nayo, cheka.

Yaliyofuata mnayajua, na nitayapita upesi kwa sababu yanauma na wenye kuumwa wameketi hapa. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto, na maua yale yalikuja kukamuliwa mjini kwetu. Wakulima walipoyaacha, winga wetu akakosa harufu yake. Kiwanda cha betri kilichoanza 1967 kilifungwa 2014. Vingine vilipunguza watu kimya kimya. Rafiki yake Mama, mumewe alikwenda kazini Jumatano, akakuta lango limefungwa kwa mnyororo na karatasi moja imebandikwa. Alirudi nyumbani na chakula chake cha mchana kikiwa bado moto. Ving'ora vilipungua kimoja kimoja, na sijui kama mnakumbuka siku mlipogundua kwamba hamjakisikia hata kimoja wiki nzima. Mimi nakumbuka. Mama alisimama mlangoni na sufuria ya chai, hajui aitie majani saa ngapi.

Tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hati ya kuwa jiji, la nne katika nchi. Nilikuwa barabarani na wanafunzi wangu, tukapunga bendera za karatasi. Nilifurahi na bado nafurahi. Nyinyi vijana mnaiita Nax, na mnaitamka kwa mapenzi, nimewasikia. Lakini jiji ni neno kubwa, na nilijiuliza ni wangapi kati ya waliolijenga walikuwa wamebaki kulisikia.

Sasa nifike Januari 2008. Nimeomba ruhusa kwa wazee kabla ya kulitaja jambo hili, nao wamenipa.

Mechi ya mwisho tulicheza kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007. Gunia likaja kwetu kama kawaida, Mama akafua, akaanika, akakunja. Jezi 11 zilikaa juu ya kabati zikingoja Januari. Mwishoni mwa Januari moto wa ghasia za baada ya uchaguzi ukaingia mitaani Nakuru. Sitaeleza. Mliokuwepo hamhitaji, na watoto wale wana umri wa kusubiri. Nitasema tu kwamba Afraha, Afraha yetu ya njugu na kushikwa mikono langoni, ilijaa mahema ya watu waliokimbia nyumba zao. Watu walilala pale tulipokuwa tukiimba.

Wachezaji wetu walitawanyika. Hakuna aliyemfukuza mwenzake wa timu, hilo nalisema nikiwa na uhakika, nao wapo hapa wataniunga mkono. Lakini mtaa haukuwa timu. Wengine walikwenda kwa ndugu, wengine walipanda malori. Mama aliposikia namba 4 yuko Afraha, aliitwaa jezi yake, akaiweka kwenye mkoba wa kitambaa pamoja na mkate na sabuni, akatembea kwa miguu. Nilimkataza. Aliniambia, "Mtoto wa watu yuko kwenye hema na nguo moja. Nina nguo yake nyingine." Akazunguka mahema yale akiuliza kwa namba, kwa maana wengi tuliwajua kwa namba na majina ya utani tu. Akaambiwa ameondoka jana yake, lori limeelekea magharibi. Akarudi na mkoba. Mkate aliugawa njiani, sabuni pia. Jezi akairudisha juu ya kabati.

Timu ilipofufuka, saba walirudi kuchukua zao. Nne zikabaki: namba 2, namba 4, namba 7, namba 10. Kocha mpya akaomba azigawe kwa vijana waliojiunga. Mama, ambaye hajawahi kumnyima kocha kitu, alikataa. "Hizi zina wenyewe," alisema. Timu ikashona nyingine. Na Mama hakufua tena. Alisema amemaliza, na kila tulipohama, zile nne zilihama nasi.

Kwa hiyo ninayo mambo mawili ya kuwaomba, kisha niwaachie uwanja.

La kwanza ni kwa vijana. Mna simu zenye kamera nzuri kuliko ya mpiga picha yeyote aliyewahi kufika landi. Kila mzee hapa ana picha nyumbani, kwenye bahasha, kwenye Biblia, chini ya godoro, watu 11 wamesimama na wengine wamechuchumaa mbele. Nendeni. Ketini nao. Ulizeni kila uso, huyu nani, alifanya kazi wapi, alitoka wapi, na andikeni nyuma ya picha kwa penseli. Msiandike wafungaji peke yao. Andikeni aliyechora mistari kwa majivu ya kibanda cha chai, kwa kopo lililotobolewa. Andikeni wale wabebaji magunia. Mwezi uliopita tumezika watu wawili waliojua majina ya picha nzima. Nilikwenda matangani na picha mkononi nikiwa nimechelewa siku tano.

La pili ni uwanja huu. Mwaka jana tuliamka tukakuta vigingi vinne vimepigwa upande wa goli la chini. Wazee walikwenda kuuliza, wakazungushwa, wakarudi tena, na vigingi vikang'olewa. Safari ile tulibahatika. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi ya umma hushikiliwa kwa niaba ya watu, lakini watu wenyewe wakiwa hawana hata karatasi ya ramani, ni nani atakayeamka mapema kuwasemea? Kamati ichaguliwe leo hii, kabla ya chakula. Iifuate ramani, ijue mpaka unapita wapi, na nakala zikae kwenye nyumba tatu tofauti. Mimi najitolea kuandika barua zote. Watoto hawa hawana mahali pengine. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 hata mpira wa juala wanausuka kwa shida, kwa matambara na uzi wa magunia, na bado wanausuka, nimewaona. Uwanja hausukwi.

Nimemaliza yangu. Limebaki la Mama.

Wiki hii amezifua zile jezi nne. Nilimwambia zimekaa safi kabatini miaka hii yote. Akanionyesha kidole chake: vumbi. Maji matatu, kisha sabuni, kisha kamba. Nimezikunja mwenyewe asubuhi hii, zimo kwenye mkoba ule ule.

Namba 7 alifariki miaka sita iliyopita, Mombasa. Mdogo wake yuko hapa. Namba 10 hali yake haimruhusu kusafiri, amemtuma binti yake kutoka Busia, amefika saa kumi na moja alfajiri na hajalala. Namba 2 bado hatujampata. Tumeuliza Eldoret, tumeuliza Molo, tumeuliza Kitale. Anayemjua amwambie jezi yake iko kwa Mama, na Mama hahami tena.

Namba 4 nimemwona. Umesimama nyuma ya gari la spika tangu nianze kusema, na kofia yako umeishika kwa mikono miwili.

Mama, simama. Atazitoa mkobani yeye mwenyewe, hakubali mtu mwingine aziguse. Sasa pigeni makofi.

Namba 4, njoo.